Hamsini na Moja Juu ya Mizani ya Uwele

Wiki iliyopita nilishuka Majengo, soko letu la Dodoma, kununua uwele. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka zahanati iliyo karibu na kwangu, Area D, ambako muuguzi alinipima presha, akanipandisha kwenye mizani, akaandika kilo sabini na moja kwenye kadi yangu, kisha akanitazama kama mtu aliyenikuta jikoni kwake naiba. Akaniambia nipunguze sembe, nirudie nafaka za nyumbani. Nakutajia habari ya kadi hiyo mapema, rafiki yangu, kwa sababu tutaihitaji huko mbele.

Duka la nafaka la marehemu baba yangu mdogo bado lipo palepale, mtaa wa pili kutoka kwa wauza maharage. Sasa analiendesha binamu yangu. Harufu haijabadilika: vumbi la uwele lenye utamu wa mbali, katani ya magunia, na ule uchachu wa alizeti iliyoanikwa ikiwa bado mbichi. Harufu ile hunirudisha kwenye umri wa miaka kumi na moja kabla sijavuka mtaro wa mbele ya duka. Wengine hunusa utoto wao wakatabasamu. Mimi mate hunijaa mdomoni kama mtu anayekaribia kutapika.

Siku hiyo yalijaa zaidi, kwa sababu kibarazani palikuwa na mjadala. Kinyozi wa zamani, ambaye sasa ni mzee asiye na jino la mbele, alikuwa amesimama juu ya mizani ya baba mdogo, ile ya chuma ya tangu utoto wangu. Mbele yake binti mmoja alikuwa ameshika simu iliyofungwa kwenye kijiti. Binti huyo anakusanya historia ya ngumi za Dodoma kwa ajili ya ukurasa wake wa mtandaoni. Aliwauliza wazee ni nani bondia bora wa uzito mwepesi kuwahi kutokea kanda hii.

"Uzito wa hamsini na moja?" kinyozi akasema. "Mwanangu, hajatokea mwingine kama kuli wetu. Mikono ile ilikuwa cherehani. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja tu: mdomo. Hakuweza kuufunga mdomo wake. Angeufunga, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Wazee wenzake wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kupendeza. Binti akatikisa chake.

Nikabaki na mfuko wangu mtupu mkononi. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, na kwa utaratibu, maana jambo hili limesimuliwa ovyo kwa miaka mingi.

Nililelewa na baba mdogo, mimi binti wa kaka yake, ili nisome shule ya mjini. Kazi zangu zilikuwa tatu: kufagia kibaraza kabla ya shule, kuchagua mawe kwenye choroko baada ya shule, na Jumamosi kusoma mizani. Mizani yenyewe ilikuwa na jukwaa la chuma la kuwekea gunia, mlingoti, na mkono wa shaba wenye namba. Mwisho wa mkono lilining'inia jiwe la chuma. Macho yangu yalikuwa makali na mwandiko wangu ulisifiwa na mwalimu mkuu, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma kilo na kuziandika kwa chaki kwenye mlango wa mbao wa stoo.

Dodoma ya wakati ule ilikuwa na upepo. Nadhani upepo upo hata leo, ila maghorofa yameukatakata. Kiangazi ulikuwa unashuka kutoka upande wa reli na kubeba pumba za mashine zote za kusaga, ukazimwaga kwenye vyakula vyetu. Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda, na mchanga kidogo ndani yake. Mashine zilinguruma, kengele ya kanisa ikagonga, adhana ikafuata, na treni ya mizigo ikapiga honi kabla ya kuingia stesheni. Hayo yote niliyapenda. Sitaki udhani nachukia kila kitu.

Kila baada ya mavuno alikuja bibi, mama mzazi wa baba mdogo na wa baba yangu. Alisafiri kwenye lori kutoka kijijini, amekaa juu ya magunia yake mwenyewe. Akishuka alituamkia kwa Kigogo, "Mbukwa", kisha akahamia kwenye Kiswahili chake cha taratibu, kila neno likikanyaga chini kabla la pili halijatoka. Alileta karanga, mlenda mkavu uliofungwa kwenye kitambaa, na uwele. Uwele huo mwanawe aliupima kwenye mizani ile kama alivyompima mkulima yeyote. Kijijini gunia lilikuwa limeshindiliwa hadi linavimba. Likifika kwa baba mdogo, linasoma pungufu.

Mara moja nilimwuliza bibi kwa nini. Alikuwa anachambua mlenda, hakuinua macho.

"Mwanangu ana mizani yenye njaa," akasema. "Inakula kwanza, ndipo inasema."

Siku chache baadaye nilipokuwa nafuta vumbi, niligeuza lile jiwe la chuma. Chini yake palikuwa na tundu, na ndani ya tundu pamejazwa risasi iliyoyeyushwa, laini, ya kung'aa pale kidole cha mtu kilipozoea kuigusa. Jiwe lilikuwa limeongezwa uzito, kwa hiyo kila kilichopandishwa jukwaani kilionekana chepesi kuliko kilivyo. Kila kilo mia, karibu tano zilimezwa. Baba mdogo alinunulia mizani na kuuzia debe. Wauza nafaka wote wa mtaa ule walifanya hivyo. Muuza nyama wa jirani naye alikuwa na mbinu yake. Soko zima lilijua, na soko zima lilijifanya halijui. Hivyo ndivyo tulivyokula.

Sasa, ngumi.

Jumamosi alasiri, biashara ikipungua, kibaraza cha baba mdogo kilikuwa baraza la ngumi. Walikuwa watatu wasiokosa: kinyozi, ambaye aliwahi kupigana mara mbili na kupigwa mara mbili, muuza nyama, mtu mnene mwenye sauti ya kuita wateja kutoka stesheni, na mwalimu wetu wa hesabu, aliyekuwa na daftari la picha za mabondia zilizokatwa magazetini. Walibishana juu ya kitu kimoja tu kwa miaka: nani bora katika uzito mwepesi. Wale wakubwa wa kilo mia hawakuwahusu. Mwalimu alisema mtu mkubwa anapiga kwa mwili, mtu mdogo anapiga kwa akili.

Kwa kuwa muuza nyama alikuwa anamkatiza kila mtu, baba mdogo aliweka sheria. Anayetaka kusema apande mizani. Akiwa juu, wengine wote wanyamaze. Mimi nikishasogeza jiwe na kusoma kilo zake kwa sauti, zamu yake imekwisha, ashuke. Sheria hiyo ilijulikana mjini. Watu walikuja kutoka mitaa mingine kuishuhudia.

"Yule wa Tanga," kinyozi alianza akiwa juu, "alikuwa anacheza kama maji kwenye sahani. Huwezi kumshika. Kushoto, kushoto, ametoka!"

"Alikimbia huyo!" muuza nyama akafoka kutoka chini. "Alikuwa anakimbia, hapigani!"

"Panda mizani useme! Hujapanda!"

"Kilo sitini na mbili," nilisoma.

"Kilo zimetajwa! Shuka, bwana, nipishe." Muuza nyama akapanda, jukwaa likalia. "Bora ni yule Mmeksiko wa kwenye daftari la mwalimu. Ameangusha watu. Ngumi ni kuangusha. Kama hujaangusha mtu, wewe umekwenda kucheza rede."

"Wewe unauza mifupa, utajuaje ngumi?"

"Mifupa ndiyo inayovunjwa, mjinga wewe!"

"Kilo tisini na moja," nilisoma.

"Mmesikia?" muuza nyama akajipigapiga tumbo. "Nimepungua!"

Kila Jumamosi alipungua. Watu walicheka mpaka vumbi likatoka kwenye magunia. Mimi pia nilicheka, na nilijua kwa nini amepungua.

Mwalimu alikuwa wa mwisho. Alipanda na daftari lake, akataja vigezo kwa vidole: kasi, kidevu, na aina ya watu uliowapiga. Kisha akahitimisha kwa njia moja kila wiki. "Lakini bora zaidi bado hajapigana pambano lake kubwa. Amekaa pale." Na watu wote wakageuka kumtazama kuli.

Alikuwa kuli wa baba mdogo, kijana wa Kondoa mwenye umri wa miaka ishirini na mbili hivi. Alibeba magunia yaliyozidi uzito wake maradufu kutoka kwenye lori hadi stoo, akaswali, akanywa maji, akabeba mengine. Jioni alikwenda kwenye klabu ya ngumi, ghala bovu nyuma ya soko, ambako mfuko wa kupigia ulikuwa gunia la pumba. Hakuwa na maneno mengi. Watu walimwita Hamsini na Moja, kwa sababu huo ndio uliokuwa uzito wake, na ndio uzito ambao watu watatu wa kibaraza waliamua kwamba ni wake.

Naam, waliamua. Mtu huyu alikuwa na mabega ya kubebea magunia. Lakini mjadala wao ulikuwa juu ya wale wa hamsini na moja, na walitaka mtu wa kuweka kwenye mjadala. Kila Jumamosi, kabla ya wasemaji, alipanda yeye. Nilisogeza jiwe. Ikisoma hamsini na mbili, walimlaumu kama mtoto aliyekojoa kitandani.

"Ulikula nini Alhamisi?"

"Ugali kidogo tu, mzee."

"Kidogo! Kidogo ndiyo kilo hiyo! Unataka kwenda hamsini na nne ukakutane na majitu?"

Alishusha kichwa. Wiki iliyofuata ilisoma hamsini na moja, nami nikaandika 51 mlangoni kwa chaki, kubwa na nzuri, na watu wakapiga makofi. Mapambano yake yote yalikuwa ya hapahapa mjini, na wapinzani wake walipimwa juu ya mizani hiyohiyo, kwa hiyo hakuna aliyegundua kitu. Alishinda yote. Kinyozi alisema mikono yake ni cherehani tangu wakati huo, na hilo ndilo jambo pekee alilosema siku zote likiwa kweli.

Kisha zikaja habari za mashindano ya kuchagua timu ya mkoa. Atakayeshinda uzito wake ataingia kambini Dar es Salaam. Kwa kuli, hilo lilikuwa na maana ya kutobeba tena magunia ya watu. Alikuwa ameniambia mwenyewe, nikiwa nachagua choroko na yeye amekaa juu ya gunia akipumzika: "Mdogo wangu, mgongo huu una miaka mitano tu. Ngumi zikinitoa hapa, nitamleta mama yangu mjini." Alisema kama mtu anayetaja tarehe ya mnada.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, bibi alikuwa kwetu. Alimwona kuli akipita na gunia, midomo imepasuka, macho yameingia ndani.

"Mjukuu wangu, njoo ule," akamwita. Alikuwa amesonga ugali wa uwele, mlenda umeungwa kwa karanga.

"Shikamoo bibi. Ahsante, nimeshiba."

"Marahaba. Umeshiba nini? Upepo?"

Kuli akacheka, akainamisha kichwa kwa adabu, akaenda. Alitema mate kwenye kopo alilobeba mfukoni. Wale watatu walikuwa wamemfundisha kutema, ili apunguze. Bibi alimsindikiza kwa macho, kisha akanigeukia.

"Yule anapimwa wapi?"

"Pale dukani, bibi."

Akaacha mwiko ndani ya chungu. "Kwenye ile?"

Siku hiyohiyo nilimfuata baba mdogo stoo. Nilikuwa nimefanya hesabu kwenye karatasi. Kama gunia la mia linamezwa tano, mtu anayesomwa hamsini na moja ana kilo hamsini na tatu na zaidi ya nusu. Nilimwonyesha. Nilidhani atafurahi kwamba najua hesabu.

"Mwambie, baba mdogo. Au apimwe hospitali kabla."

Alinichukulia karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Ukimwambia yeye, umeliambia soko zima," alisema. "Na unga unaokula wewe unatoka wapi?"

Jumamosi ya mwisho nilisogeza jiwe, nikasoma, nikaandika 51. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Siku ya mashindano Majengo nzima ilihamia kwenye ukumbi. Upimaji ulikuwa saa mbili asubuhi, na mizani ilikuwa imeazimwa hospitali. Msimamizi alikuwa mwanamume mwenye miwani aliyevaa suti ya michezo. Kuli alivua shati, akapanda. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu kutoka mlangoni.

"Hamsini na tatu na nusu," msimamizi akasema.

Kuli akashuka, akapanda tena. Ilikuwa vilevile.

Hapa ndipo nakuomba uangalie vizuri, rafiki yangu, kama nilivyoangalia mimi. Kinyozi aliangalia viatu vyake. Muuza nyama alianza kukohoa. Mwalimu wa hesabu, mtu aliyetufundisha uwiano ubaoni, alifungua daftari lake la picha na kulisoma. Wote watatu walikuwa wakisoma pungufu kila Jumamosi juu ya mizani ile kwa miaka. Halafu baba mdogo akapaza sauti.

"Umekula nini wewe?"

Ilikuwa kama mtu amefungua bomba.

"Si amekula!"

"Nilisema mimi, huyu hana nidhamu!"

"Umekula nini, sema!"

Kuli aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa anatafuta kosa lake kwa bidii, kama mtu anayepapasa mifuko yake akitafuta ufunguo. Akalipata.

"Jana nilikunywa maji," alisema. "Kikombe kimoja. Koo lilikuwa limekauka."

"Umeona!" baba mdogo akasema. "Maji!"

Muhula huohuo tulikuwa tumejifunza darasani kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Kikombe ni robo lita. Ili afike pale alipofika, ilibidi anywe vikombe kumi. Mwalimu aliyetufundisha hilo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Nilimtazama. Akafungua ukurasa mwingine.

Msimamizi aliwaambia kuna njia mbili: apande uzito wa hamsini na nne, au apunguze ndani ya saa mbili. Hamsini na nne! Alikuwa ndani ya uzito huo hata baada ya kukonda hivyo. Angeweza kwenda nje akanywa maji yake, akala ndizi mbili, akapigana akiwa na miguu yake. Kuli mwenyewe alifungua mdomo kusema kitu. Kinyozi akamwahi.

"Huyu ni wa hamsini na moja. Kila mtu mjini anajua. Atapunguza."

Walimvalisha nailoni, wakamkimbiza kuzunguka uwanja wa reli chini ya jua. Alipoacha kutoka jasho walimpeleka kwa muuza mikate, wakamkalisha karibu na tanuri huku amefunikwa gunia. Nilisimama mlangoni. Muuza nyama alimpepea usoni kwa gazeti ili asizimie, na papo hapo kinyozi alimwongezea gunia la pili mabegani. Walifanya kwa mapenzi, hilo ndilo linalonichukiza mpaka leo. Walimwita mwanetu. Walimwambia vumilia, bingwa.

Saa nne mizani ilisoma hamsini na moja. Wakashangilia kama wameshinda.

Pambano lilikuwa alasiri, na mpinzani alikuwa kijana wa jeshini kutoka Singida. Raundi ya kwanza kuli alipiga kama cherehani kweli, na mwalimu akaandika jambo daftarini. Raundi ya pili miguu ilikwisha. Haikulegea, ilikwisha, kama taa iliyoishiwa mafuta. Kijana wa jeshini alimpiga ngumi moja ya kawaida, ya kutafutia njia tu, na kuli akaanguka kwa kisogo. Sauti ya kichwa chake kwenye mbao bado naijua. Ni sauti ya debe tupu la alizeti likidondoka.

Alilala hospitali wiki tatu. Alipotoka, sikio la kushoto halikusikia na mkono wa kulia ulitetemeka. Alijaribu kubeba gunia moja, likamwangusha mlangoni pa stoo, chini ya namba zangu za chaki. Baba mdogo akachukua kuli mwingine.

Na Jumamosi iliyofuata, watatu wale walikaa kibarazani. Wakapanda mizani kwa zamu. Mjadala ulikuwa: kama angeufunga mdomo, angekuwa bora kuliko yule wa Tanga? Baba mdogo aliniita nije nisome kilo. Nilisoma. Nikatapika nyuma ya stoo, bibi akasema ni mchanga uliokuwa kwenye mlenda. Nadhani alijua kwamba si mchanga. Mwaka uliofuata hakuleta uwele wake kwa mwanawe. Aliuuza kijijini kwa debe, akija mjini alikuja mikono mitupu.

Nilimwona Hamsini na Moja mara moja tu nikiwa mtu mzima. Alikuwa anauza karanga za kuchemsha mtaa wa Miyuji, amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia ameukalia ili usitetemeke mbele ya wateja.

"Shikamoo, kaka."

Alinitazama mdomo, kwa sababu ya sikio. Kisha akatabasamu. "Marahaba. Mwandishi wangu! Ulikuwa na mwandiko mzuri wewe."

Tukaongea habari za soko. Nilikuwa nimebeba maneno yangu tayari, nimeyabeba miaka. Kabla sijayatoa, akasema mwenyewe, bila mimi kumwuliza.

"Unajua ni kikombe kimoja tu? Nilikuwa nimejifungia chumbani, koo linauma, nikasema Mungu nisamehe, nikanywa. Niliharibu mwenyewe. Watu walinihangaikia wote wale, mimi nikawaangusha kwa kikombe cha maji."

Wateja wawili walisimama kununua karanga. Akawahudumia kwa mkono wa kushoto. Walipoondoka, nilinunua na mimi, nikaaga. Nilijiambia nitarudi siku yenye nafasi. Alifariki mwaka jana, na dada yake aliniambia habari hiyo kwa simu wakati nikiwa kwenye foleni ya benki. Baba mdogo alinichukulia karatasi moja nikiwa mtoto. Maneno haya ya Miyuji hakunichukulia mtu; niliyarudisha nyumbani mwenyewe.

Sasa turudi kibarazani, wiki iliyopita. Kinyozi alikuwa bado juu ya mizani, binti bado anarekodi, na binamu yangu alikuwa ndiye anayesogeza jiwe.

"Naomba kusema," nilisema.

Kinyozi akakodoa macho, akanitambua. "Aaah! Mtoto wa dukani! Sheria unaijua, mama. Anayetaka kusema apande mizani."

Alishuka. Nikapanda. Binti akanielekezea simu.

"Soma," nilimwambia binamu yangu.

Akasogeza jiwe, akainama. "Sitini na saba na nusu, dada."

Nikatoa kadi ya zahanati nikaishika mbele ya simu. "Someni na hii. Ya leo, saa tatu asubuhi. Sabini na moja."

Mzee mmoja akacheka. "Dada, umepungulia kwenye bajaji!"

"Hakika," nilisema. "Geuzeni hilo jiwe mtazame chini yake. Yule kuli alipimwa hapa kila Jumamosi. Hakushindwa kufunga mdomo. Hakuwa na kosa lolote. Ninyi mlijua. Na mimi nilijua, ndiye niliyeandika."

Hakuna aliyegeuza jiwe. Binamu yangu alilifunika kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto masikio. Kinyozi aliangalia viatu vyake, na nikaona kwamba hata namna ya kuviangalia ilikuwa ileile.

Binti akashusha simu. Hakujua amtazame nani, mwishowe akamtazama mwenye umri mkubwa.

"Babu, kipande hiki nikiache au nikikate?"

"Kikate," kinyozi akasema. "Anza pale alipopanda huyu. Halafu nirudie mimi, pale pa cherehani."

Akapanda tena. Nikasikia akianza, kwa sauti ya mtu anayependa sauti yake, wakati mimi navuka mtaro bila uwele.

Mlango wa mbao haupo siku hizi, wameweka geti la chuma. Muuza nyama na mwalimu wamekwisha kufa, na daftari la picha sijui liliishia wapi. Bibi hayupo, wala mlenda wake wenye mchanga. Vyote nilivyovipenda pale vimeondoka, kikabaki hicho kimoja nilichokichukia, na bado kinafanya kazi.

Kwa hiyo naandika hapa, mahali ambapo hakuna wa kukata. Kikombe cha maji ni robo kilo. Asubuhi ile alikuwa na kilo hamsini na tatu na nusu, na ndivyo alivyokuwa kila Jumamosi niliyoandika vingine mlangoni. Alikuwa bondia wa uzito wa hamsini na nne, aliyeshindishwa njaa na watu waliompenda ili mizani ya baba yangu mdogo isiumbuke. Wabishane watakavyo nani bora wa hamsini na moja. Yeye wamwache. Hamsini na moja alikuwa siku moja tu, ile waliyomkausha kwenye tanuri.